Picha zipi zinastahili nauli ya boti, na zipi zingoje sebuleni

Kumbi za senema za Unguja, Majestic ya Vuga na Cine Afrique ya Malindi, zilishazima mitambo yao zamani, kwa hiyo mtu wa Unguja anayetaka picha mpya kwenye skrini kubwa inambidi avuke kwenda Dar es Salaam. Hesabu yetu haiishii kwenye bei ya tiketi. Kuna nauli ya boti kwenda na kurudi, usafiri wa kutoka bandarini hadi ukumbini, chakula cha mchana, na siku nzima ya kazi iliyokwisha kwenda. Aliyeko Pemba ana mzigo zaidi, maana lazima afike Unguja kwanza. Picha inaweza kuwa nzuri kabisa na bado isilipe gharama hizo. Kipimo kilichotumika hapa ni kimoja: ukiingoja uione kwenye runinga ya nyumbani, utakuwa umekosa nini?

Katika picha kubwa za karibuni, tatu zinapita kipimo hicho: Sinners, F1 na Avatar: Fire and Ash. Hiyo ya tatu ina masharti yake.

Tuanze na Sinners ya Ryan Coogler, iliyotoka Aprili 2025, kwa sababu ndiyo bora ya zote. Tuko Mississippi, mwaka 1932. Mapacha wawili, Smoke na Stack, wanarudi kwao kutoka Chicago na pesa zisizo safi, wananunua kiwanda kikuukuu cha kupasulia mbao ili wakifanye ukumbi wa muziki. Wanamchukua binamu yao Sammie, mtoto wa mhubiri, apige gitaa. Usiku unapokolea wanatokea wageni wanyonya damu. Mapacha wote wawili ni Michael B. Jordan, na watu wengi wanaochanganyikiwa huchanganyikiwa hapo. Shika hili tangu mwanzo: Smoke huvaa bluu, Stack huvaa nyekundu. Smoke ni mzito wa maneno na mkono mwepesi wa bastola. Stack ni wa tabasamu na maneno mengi. Ukishawatenganisha hivyo, hadithi nzima inakaa sawa.

Karibu nusu nzima ya mwanzo haina kitisho. Ni watu wanakusanywa mmoja mmoja: mpiga piano mlevi, mpishi, mlinzi wa mlango, mwenye duka aandike bango. Wapo wanaolalamika kwamba picha inachelewa kuanza. Si kweli. Kazi hiyo ndiyo inayofanya vifo vya baadaye viume, maana kila anayeanguka unamjua ana nani na anamdai nani.

Halafu kuna ile sehemu ya Sammie kupiga na kuimba mbele ya watu. Kamera inatembea ukumbini kama haikatizwi, na katikati ya wacheza wa 1932 wanaanza kutokea watu wa zama nyingine: wapiga ngoma wa Afrika Magharibi, mcheza vinyago, mpiga gitaa la umeme, kijana wa santuri, wacheza wa opera ya Kichina. Muziki umewaita waliopita na watakaokuja. Mtazamaji wa Ulaya ataeleza hapo kwamba ni ndoto au ishara. Mtu wa kwetu, aliyekua akisikia ngoma za pepo mtaani na akijua kwamba kila mzuka una ngoma yake na hauji kwa ngoma nyingine, anaelewa bila kuelezwa. Sauti za sehemu hii zimewekwa kuzunguka ukumbi wote. Ngoma zinakujia kwa mgongoni na gitaa liko mbele. Kwenye runinga yenye spika mbili za chini yote hayo yanabanwa pamoja na kuwa kelele moja. Nauli ya boti inalipwa na dakika hizo.

Kitisho nacho kinatuhusu. Wanyonya damu hawa hawawezi kuvuka kizingiti bila kukaribishwa. Wanasimama mlangoni, wanabisha hodi, wanaimba vizuri, wanajieleza kwa upole, wanangoja mtu mmoja tu alegee aseme karibu. Sisi ambao mtu hupiga hodi mara tatu na asipoitikiwa huenda zake, tunaona wazi alichofanya mtunzi: adabu ya mgeni imegeuzwa mtego.

Kuhusu umbo la picha. Sinners imepigwa kwa filamu za milimita 65, kwa kamera za aina mbili, na katika kumbi za kawaida inaonyeshwa pana mno, 2.76 kwa 1, yaani upana ni mara 2.76 ya kimo. Maana yake kwa mwenye runinga ni hii: runinga ya inchi 43 ina kioo chenye upana wa sentimita 95 hivi na kimo cha sentimita 53. Picha pana kiasi hicho itachukua kimo cha sentimita 34 tu, kilichobaki ni weusi juu na chini. Nyuso zinakuwa ndogo, na usiku wa Mississippi unazama kwenye weusi. Kwa hiyo hata ukumbini kaa mbele kidogo kuliko ulivyozoea.

Mapungufu yapo. Kiingereza chake ni cha Kusini mwa Marekani cha zamani hizo, na kumbini kwa kawaida hakuna maandishi ya chini. Asiyezoea lafudhi hiyo atapoteza mazungumzo mengi ya saa ya kwanza. Soma muhtasari kabla ya kwenda. Damu ni nyingi, maneno ya chumbani ni mengi zaidi, na hii si picha ya kukaa na mama mkwe wala watoto. Jambo la mwisho: majina yakianza kupanda, usinyanyuke. Kuna sehemu ndefu inakuja baada ya hapo, na ndiyo inayofunga hadithi. Watu hutoka mlangoni na bisi zao mkononi huku picha haijesha.

F1 ya Joseph Kosinski, ya Juni 2025, ni kinyume chake. Hadithi unaijua kabla haijaanza: dereva mzee aliyeshindwa zamani, Brad Pitt, anaitwa kuokoa timu ya mbio za magari za Formula 1 iliyo mkiani, anakutana na kijana mwenye kiburi, Damson Idris, wanagombana, wanapatana. Ukitafuta hadithi, kaa nyumbani. Lakini hakuna picha ya mbio iliyopigwa hivi. Waigizaji wameketi kweli kwenye magari ya Formula 2 yaliyorekebishwa yafanane na ya Formula 1, wakiendesha kwenye viwanja halisi, na sehemu nyingi zimepigwa wikiendi zilezile za mbio rasmi mbele ya watazamaji halisi. Kamera ndogo zimefungwa juu ya gari na nyingine zinageuka kutoka kwenye barabara kuelekea uso wa dereva bila kukata. Ndiyo maana shingo ya Pitt inavyolazwa na kona unaiamini: ni kona.

Anayefuata mbio hizi atakereka na jambo moja. Sonny Hayes, dereva huyo wa Pitt, anagonga magari na kuangusha vipande makusudi ili gari la usalama, lile linalopunguza mwendo wa wote baada ya ajali, litoke na kumpa nafasi mwenzake, na picha inalichukulia kama ujanja wa stelingi. Katika mchezo wenyewe, jambo kama hilo lilifanyika Singapore mwaka 2008, Nelson Piquet Jr. alipogonga ukuta kwa makusudi, na lilipogundulika likawa kashfa kubwa na watu wakafungiwa. Hayes angekuwa amesimamishwa baada ya mbio ya pili. Mchambuzi anayesikika katikati ya mbio naye anaeleza kila kitu mara mbili. Kwa asiyejua mbio ni msaada, kwa anayejua ni kero.

Sauti ya F1 ni kubwa, hilo lijulikane. Kumbi nzuri hupimwa sauti zake kutoka kwenye kiti kilicho kama theluthi mbili ya safari kutoka kwenye skrini kwenda nyuma, katikati. Hapo ndipo spika za mbele, za ubavuni na za nyuma zinapokutana kwa uwiano. Ukikaa ubavuni unasikia spika moja ya ukutani ikikupigia sikioni na magari yote yanapita upande mmoja. Ukikaa mstari wa mwisho, spika za nyuma zinaziba maneno. Kwa F1 na picha yoyote ya kishindo, chukua kiti cha katikati cha mstari ule wa theluthi mbili. Kama umekwenda na mtoto, sogea mistari miwili nyuma na uwe na pamba mfukoni. Na uchukue koti, kikoi au mtandio mzito. Viyoyozi vya kumbi za Dar havina huruma, na mtu aliyetoka juani Darajani asubuhi huanza kutetemeka baada ya saa moja.

Avatar: Fire and Ash, iliyotoka Desemba 2025, ina dakika 197. James Cameron anajua maji kuliko mtengenezaji mwingine yeyote, na sisi watu wa bahari tuna haki ya kumpima: mwanga unavyovunjika juu ya mchanga kina cha pima mbili, povu linavyokaa baada ya chombo kupita, nywele zinavyochelewa kufuata kichwa ndani ya maji. Yote yako sahihi. Safari hii ameongeza wafanyabiashara wanaosafiri angani kwa vyombo vinavyobebwa na viumbe wakubwa wanaoelea, wakifuata upepo kutoka jamii moja hadi nyingine. Anayejua jinsi majahazi yalivyokuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi ataipenda sehemu hiyo kuliko vita vyote vinavyofuata. Kabila jipya la watu wa majivu, na kiongozi wao Varang anayechezwa na Oona Chaplin, ndiyo nguvu mpya ya picha. Bahati mbaya Varang anawekwa kando katika saa ya mwisho, na tunarudishwa kwenye mambo ya picha ya 2022: watoto wanatekwa, wazazi wanafuata, nyangumi wanaingia vitani, meli inazama. Aliyeiona ile ya pili ataona saa nzima aliyokwisha kuilipia.

Sharti lake ni miwani. Picha ya 3D inapoteza zaidi ya nusu ya mwanga kwa sababu kila jicho linapewa sehemu yake tu na miwani yenyewe ni kiza. Taa ya mtambo ikiwa imechakaa, bahari inakuwa ya kijivu na usiku haufuatiki. Ukumbi unaojali hubadilisha taa kwa wakati. Usiojali hungoja izime. Dalili unaiona mapema: matangazo ya mwanzo yakiwa yamefifia hata bila miwani, taa imechoka. Nenda kwa wafanyakazi wa ukumbi ukaulize kama kuna onyesho la kawaida lisilo la 3D, usingoje nusu ya picha. Miwani nayo ikague kwenye mwanga kabla ya kuingia. Mikwaruzo na alama za vidole zinageuka ukungu kila panapotokea mwanga mkali. Ifute kwa kitambaa laini cha pamba, si kwa kanga mpya yenye wanga.

Sasa hesabu ya boti, maana dakika 197 si mchezo. Ukiondoka Malindi saa moja asubuhi unafika Dar kabla ya saa tatu. Kwa mwendokasi kutoka Kivukoni hadi Ubungo, kisha daladala au bajaji ya kuelekea Mwenge, unakuwa Mlimani City, penye ukumbi wa senema, kiasi cha saa nne au na nusu. Onyesho la saa tano, ukiweka dakika 20 za matangazo, Avatar inakwisha saa nane na dakika 37. Kutoka hapo hadi bandarini siku ya kazi ni saa nzima au zaidi, na boti ya jioni huondoka mnamo saa kumi huku geti likifungwa mapema. Inawezekana, lakini kwa roho juu juu. Onyesho la saa sita halikuachii nafasi kabisa. Kwa Sinners, yenye dakika 137, onyesho la saa sita mchana bado linakurudisha nyumbani siku ileile. F1 ina dakika 155. Saa tano ni salama, saa sita ni kubahatisha. Angalia ratiba ya boti kwanza, ndipo ununue tiketi ya picha, si kinyume chake. Jumamosi barabara ni nyepesi kidogo, lakini viti vya katikati huisha mapema.

Mission: Impossible – The Final Reckoning inakaribia saa tatu. Saa ya kwanza ni maelezo na vipande vya picha zilizotangulia. Kuna sehemu mbili za kweli: nyambizi iliyozama na ndege mbili ndogo, na Tom Cruise yuko nje ya ndege mwenyewe. Ya nyambizi karibu haina maneno na ni kazi safi kabisa. Ukiwa tayari uko Dar kwa shughuli nyingine, ingia. Kuvuka kwa ajili yake, hapana.

One Battle After Another ya Paul Thomas Anderson inakaribia kupita kipimo kwa sababu ya mbio za magari za mwisho kwenye barabara ya jangwani yenye milima midogo mfululizo. Kamera iko chini, lenzi ni ndefu, ya kuvuta mbali karibu, barabara inapanda na kushuka kama mawimbi ya Nungwi siku ya kusi, na gari la adui linapotea na kutokea juu ya kilele. Tumbo linashuka kweli. Lugha yake ni chafu mwanzo mwisho.

Kwa watoto, Mufasa ya Barry Jenkins, ya Desemba 2024, inakaa vizuri nyumbani. Simba wamechorwa kwa kompyuta waonekane wa kweli, na hapo ndipo tatizo: simba wa kweli hana uso wa kulia wala kucheka, hivyo sauti inasema jambo na uso hausemi. Watoto wadogo hawawatofautishi Mufasa na Taka wakishakua. Waonyeshe kwamba manyoya ya shingoni ya Taka ni ya giza zaidi. Maskhara ya Timon na Pumbaa yanakatiza hadithi kila inapoanza kushika.

Afadhali zaidi uwatafutie Flow, kutoka Latvia, iliyoshinda Oscar ya katuni mwaka 2025. Ina dakika 85 na haina neno hata moja, kwa hiyo mtoto wa miaka sita wa Makunduchi anaifuata sawasawa na mtoto wa London. Maji yanafunika nchi, paka anapanda chombo cha tanga pamoja na mbwa, ndege na wanyama wengine wasiopatana. Imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure, na vijana wetu wanaojifunza katuni wangeiangalia mara mbili. Onyo moja: paka anakaribia kuzama mara kadhaa, na watoto wanaoogopa maji watashika mkono wa mtu.

Conclave, ya uchaguzi wa Papa wa Wakatoliki, nayo ni ya nyumbani, tena inafaidi kuwa nyumbani. Ni mazungumzo ya wazee chumbani kwa Kiingereza, Kiitaliano, Kilatini na Kihispania, na maandishi ya chini unaweza kuyasimamisha ukayasoma. Mwenye kuijua siasa ya vikao vya ndani, nani kamnong'oneza nani kabla ya kura, atakaa nayo bila kuchoka.

Ukiangalia nyumbani, fanya mambo mawili kabla ya kulaumu picha. La kwanza, ingia kwenye mipangilio ya picha ya runinga uzime ile kazi ya kulainisha mwendo. Samsung wanaiita Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG TruMotion, Sony Motionflow. Senema hupigwa fremu 24 kwa sekunde, na runinga inapobuni fremu za katikati, kila kitu kinaonekana kama tamthilia ya bei nafuu. La pili ni sauti. Malalamiko ya "muziki unapasua masikio, maneno hayasikiki" karibu kila mara yana sababu moja: faili lina sauti ya njia sita, ambamo maneno yamewekwa kwenye spika ya katikati ambayo runinga haina. Tafuta kwenye menyu ya sauti chaguo la stereo, au kwenye programu ya kuchezea uchague kuchanganya njia zote ziwe mbili. Maneno yanarudi mara moja. Na nakala iliyorekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi usiiguse: kingo zimekatwa, rangi zimekufa, na kicheko cha mtu wa mstari wa tano kimo ndani yake.

Kuna picha moja isiyohitaji boti, nayo si mpya: Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Ilioneshwa mara ya kwanza Toronto, kisha ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania kwenye Oscar. Ni Unguja ya miaka ya 1950, Denge mpigania uhuru na Yasmin aliyeikimbia ndoa asiyoitaka, kwa Kiswahili chetu. Waliosoma kitabu watalalamika kwamba mengi yamekatwa, na ni kweli; dakika 90 na ushei haziwezi kubeba riwaya ile. Kilichobaki ni mwanga wa vichochoro vya Mji Mkongwe ambao hakuna mgeni aliyewahi kuupiga hivyo.

Ikitangazwa tena uwanjani Ngome Kongwe, ambako ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, limekuwa likionyesha picha tangu 1998, nenda, lakini jua mahali penyewe. Hapana paa. Julai jua linazama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, na skrini haisomeki mpaka saa moja kasoro kitu. Picha iliyotangazwa mapema zaidi itaonekana imepauka dakika zake za mwanzo. Adhana ya Isha inaingia karibu saa moja na nusu, na waandaaji wenye busara huanza baada yake. Kusi likivuma kitambaa cha skrini kinajaa kama tanga, na picha inapoteza ukali katikati, ambako kitambaa kimesogea. Si macho yako. Kaa katikati ya ngazi za kukalia, si kando, chukua mto au mkeka uliokunjwa maana ngazi ni ngumu, na usikae jirani na jenereta hata kama ndipo penye nafasi.